Fizi Zinazotoka Damu na Uzito wa Mwili
Kwetu mama akinenepa husifiwa kwamba ametunzwa. Lakini je, ukipiga mswaki unaona damu? Usilaumu mswaki, mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Mafuta yakizidi mwilini huchochea uvimbe, na fizi zenye uchafu huharibika upesi. Mwishowe meno hulegea na kung'oka. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80, jihadhari. Punguza sukari kwenye chai, acha soda, tembea dakika 30 kila siku. Piga mswaki, wa dukani au wa mti, asubuhi na kabla ya kulala. Usiache kwa kuogopa damu. Isipokoma kwa wiki 2, muone daktari wa meno.