Mashine Inayotii Kila Amri

Leo tutazame kazi ya mtaalamu anayetafuta makosa ya mashine ili waovu wasitangulie kuyaona. Jina lake ni Tadayoshi Kohno, naye alifanya kazi hii akiwa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walichunguza kifaa kinachotiwa kifuani mwa mgonjwa ili kuushtua moyo unapopiga ovyo. Daktari hukiamuru kwa mawimbi ya redio. Walionyesha kwamba mtu mwingine aliye karibu sana aweza kusoma siri za mgonjwa, na hata kukizuia kifaa kisifanye kazi yake. Jaribio lilifanywa maabarani. Hakuna mgonjwa aliyeguswa.

Mwaka 2010, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliijaribu motokaa. Labda wajiuliza, motokaa na kompyuta zahusianaje? Motokaa ya siku hizi ina kompyuta nyingi ndogo: breki zina yake, injini ina yake, nazo hupashana habari kwa waya. Wataalamu walichomeka chombo chao chini ya dashibodi, mahali mafundi wanapopimia hitilafu, wakapeleka amri za uongo. Katika kiwanja cha ndege kisichotumika tena, dereva alikanyaga breki, nazo hazikushika. Sababu ni nini? Kompyuta haikuuliza amri imetoka kwa nani, ilitii tu. Mwaka 2011 walionyesha kwamba hata bila kuigusa motokaa waliweza kuingia, kwa njia ya simu iliyomo ndani yake.

Mwaka 2018 Kohno na wenzake wa vyuo mbalimbali walichunguza kompyuta iliyofundishwa kutambua alama za barabarani. Walibandika vipande vichache, vyeusi na vyeupe, juu ya alama ya kusimama. Mtu aliisoma vema, lakini kompyuta mara nyingi iliiona kuwa alama ya mwendo wa maili 45 kwa saa. Motokaa ikiongozwa na macho kama hayo, anayevuka njia yumo hatarini.

Pengine utasema, "Hawa si wanafundisha wahalifu?" La. Motokaa waliinunua wenyewe, walimwarifu mtengenezaji, na hawakuchapisha jina lake. Kosa likifichwa, mtengenezaji hana haja ya kulirekebisha, na mwenye chombo ndiye atakayeumia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chombo chenye kompyuta, uliza: nani aweza kukiamuru? Likionekana kosa, nani atalirekebisha, na kwa muda gani?

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kwa nini breki zilikataa kushika?
2. Je, mtengenezaji alazimishwe kisheria kurekebisha makosa ya namna hii? Toeni sababu zenu.