Imani Yangu Hainiruhusu



Kuna neno tunalolitumia sana: "Imani yangu hainiruhusu." Tunalisema mbele ya glasi ya pombe, tunalisema familia inapomwita mganga. Ni neno zuri. Maana yake, kuna jambo limeshika mizizi rohoni hata mtu yuko tayari kupata hasara juu yake.

Fungueni Danieli 1. Kijana huyu alikubali shule ya Babeli, akajifunza lugha ya Wakaldayo, akaitwa Belteshaza wala hatusomi kwamba aligombana. (Sisi tungegombana juu ya jina tu!) Lakini kwa chakula cha mfalme akakaza moyo. Na tazameni namna alivyokataa: aliomba kwa heshima, akataka wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Mkuu wa matowashi aliogopa kukatwa kichwa. Danieli akatafuta njia isiyomponza mtu. Gharama aliibeba mwenyewe.

Sasa Marko 7. Wako watu waliosema "Korbani," yaani mali hii imekwisha kuwa ya Mungu, basi baba na mama wasipate kitu. Hilo nalo lilikuwa neno la imani. Bwana Yesu alilikemea, maana gharama yake iliwaangukia wazazi.

Haya tunayasema kwa aibu. Mwaka jana ndugu mmoja wa kusanyiko letu alifiwa na baba. Kwenye kilio kulikuwa pombe na ngoma za ukoo. Akatuuliza afanye nini, tukamjibu: imani yetu haituruhusu. Hakwenda, hakutuma hata unga. Mama yake alikaa mkekani siku zile zote akiuliza mtoto yuko wapi, na majirani wakamjibu: anasali. Nasi Jumapili tukamsifu ndugu huyo mbele ya watu wote.

Pombe angeweza kuikataa akiwa amekaa karibu na mama yake. Hatukumwambia hivyo. Tulimfundisha Korbani, tukidhani ni Danieli.

Tumekwisha kumwomba msamaha. Jumamosi hii tutakwenda naye kijijini, wazee watatu, pamoja na mfuko wa unga na bidoni ya mafuta. Mama atatupokea namna gani, hatujui. Mtuombee.