Mwakilishi wa Wadi na Habari Anazotuletea
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeagizwa na Halmashauri ya Chama niseme maneno machache juu ya mwakilishi wetu wa wadi, na desturi yake ya kuja kutupa habari za Bunge la Kaunti. Najua wako miongoni mwetu wasemao kwamba hayo ni siasa, na kwamba kazi ya chama hiki ni kuzika wafu, kuwatazama wagonjwa na kuwasaidia watoto karo. Sina ugomvi nao. Lakini dawa zinazokosekana katika zahanati ya nyumbani, na ushuru wanaotozwa mama zetu sokoni kila asubuhi, shauri lake hukatwa katika Bunge hilo. Na pengo linalobaki huzibwa kwa fedha za mfuko wetu huu mdogo.

Wazee wanakumbuka kwamba kupata mjumbe hakukuwa jambo jepesi. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, aliteuliwa, hakuchaguliwa kwa kura. Kura ya Waafrika ilikuja mwaka 1957, nayo ikatoa wajumbe 8 tu kwa nchi nzima. Bwana Ronald Ngala peke yake aliibeba Pwani yote. Bwana Oginga Odinga, Nyanza ya Kati. Bwana Tom Mboya, mji wa Nairobi. Tena haikuwa kura ya kila mtu: ilitakikana elimu, au mali, au mshahara, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura 3. Mjumbe wa zamani zile akikawia kufika, watu walimvumilia, kwa kuwa eneo lake lilikuwa kubwa mno. Siku hizi nchi ina kaunti 47 na wadi 1,450. Ukiwaacha wenzetu wa Turkana na Marsabit, ambako wadi moja yaweza kumchosha mwenye gari, udhuru wa umbali umekwisha.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 9, yamwagiza mwakilishi awe karibu na waliomchagua, na awatake shauri juu ya mambo yaliyofikishwa Bungeni au yanayojadiliwa humo, kisha ayapeleke maoni yao mbele ya Bunge. Nawaomba mlishike neno hilo: yanayojadiliwa. Haikusemwa yaliyokwisha kujadiliwa. Sasa sisi tumezoea nini? Mwakilishi huja Desemba, watu wakiwa wamerudi kwa sikukuu. Hufungwa vipaza sauti, hupikwa wali, naye hutusomea yaliyopitishwa. Ni adabu njema, wala simlaumu kwa hilo. Lakini ada ya kibanda cha soko ikiwa imekwisha pandishwa, maswali yetu ya Desemba yatamsaidia nani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Mambo haya yana majira yake, yaliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo wa 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa fedha, unaoonyesha kila idara itakadiriwa kiasi gani, hufika kufikia mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe ya matumizi hufika kufikia Aprili 30, na yapasa yapitishwe kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Kwa hiyo mwenye neno juu ya zahanati na alitoe Mei, wala asingoje mvua za vuli. Mswada wa Fedha, ndio wenye ada na ushuru, hupewa siku 90 baada ya matumizi kupitishwa. Basi wafanya biashara, miezi yenu ni Julai, Agosti na Septemba. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sijapata kuyasikia yakitajwa katika mikutano ya Desemba.

Kuna jambo jingine, na hili latuhusu sisi wenyewe. Tunamdai mwakilishi atengeneze barabara, alipe karo, alete mahema ya mazishi. Kifungu kile kile cha 9 chamkataza kujiingiza katika kazi za utekelezaji. Kutengeneza ni kazi ya Gavana na maofisa wake. Ya mwakilishi ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha fedha, na kuuliza zilikokwenda. Anayetugawia noti mkutanoni hatujui kama aliuliza. Kadhalika, habari za shule za sekondari na polisi ni za serikali ya taifa, tumwulize Mbunge. Lakini shule za chekechea, masoko, zahanati na barabara za kaunti ni zake.

Msidhani kwamba maoni ya raia hayana nguvu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walikwenda mahakamani, hawakurusha jiwe. Nasi sote twakumbuka Juni 25, 2024, Bunge la Taifa lilipoupitisha Mswada wa Fedha. Vijana wakaingia Bungeni, roho za watu zikapotea, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Wabunge wangaliwasikiliza watu mapema, huenda mama wengine wasingalilia.

Wanachama wanaokaa mjini wameuliza: sisi tuliojiandikisha kura nyumbani, tutasema wapi? Ushuru wa kibanda twaulipa hapa, na mlango wa maoni hapa hautuulizi kadi ya kura. Katiba yataja umma, haikutaja wapiga kura peke yao. Ya zahanati tutayapeleka nyumbani kwa barua. Sheria yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti, na barua yenye sahihi za watu mia moja haiwekwi kando kwa wepesi.

Basi Halmashauri yapendekeza kwamba mwakilishi aalikwe mara mbili: wiki ya pili ya Mei, aje na kitabu cha makadirio, na tena Agosti, aje na Mswada wa Fedha. Wali utapikwa vile vile. Barua ya mwaliko imekwisha andikwa nayo iko mezani kwa Mweka Hazina; wazee watatu wa kila mtaa waitie sahihi kabla ya kuondoka.