Jicho Halipimi Sumu ya Kuvu

Leo tunazungumza juu ya mahindi unayowapikia watoto.

Mwaka 2004 sehemu zetu za Makueni na Kitui zilipatwa na msiba mkubwa. Katika mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohifadhi mahindi yenye unyevu, na kwa walioyaweka ndani ya nyumba.

Pengine unauliza: sumu hii hupimwaje? Huwezi kuionja wala kuinusa, na punje inayong'aa yaweza kuwa nayo. Maabara hutumia kingamwili, yaani askari wa mwili anayemtambua adui mmoja. Nyingi za kazi hii hupatikana kwa kutumia chembe za panya wa maabara. Mahindi husagwa, sumu ikatolewa kwa dawa, kisha maji yake hutiwa katika vishimo vidogo vyenye kingamwili pamoja na sumu nyingine iliyoandaliwa kutoa rangi. Hapo hugombea nafasi kama abiria wa matatu. Sumu ya mahindi ikijaza viti, ile ya rangi hukosa pa kukaa. Kwa hiyo rangi ikififia, ujue sumu ni nyingi.

Kipimo hiki huona kidogo sana. Kiwango cha juu kinachokubalika Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Katika gunia la kilo 90 hiyo haifiki miligramu moja. Chumvi unayoshika kwa vidole viwili ni nzito kuliko hiyo.

Hata hivyo, kipimo hudanganywa na sampuli mbaya. Sumu hujificha katika punje chache. Ukipeleka konzi moja ya juu ya gunia, waweza kuambiwa ni salama kumbe sivyo. Chota juu, katikati, chini na kando, uchanganye vizuri.

Nyumbani fanya haya:

Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ungoje dakika 15. Chumvi ikishika kando ya chupa, anika tena.

Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Chagua na utupe punje zilizooza, zilizovunjika au zenye kuvu. Kukoboa muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Kuchemsha isyo hakuiondoi.

Usimpe ng'ombe mahindi yaliyooza, kwani sumu hupitia katika maziwa. Nawe mama unayenyonyesha, endelea kunyonyesha. Linda chakula chako, nacho kitamlinda mtoto.

Ukiona macho ya mtoto yamekuwa ya manjano, anatapika au tumbo limevimba, usingoje kesho. Mpeleke hospitali, na ubebe mahindi mliyokula ili yapimwe.

Mama mpendwa, kutupa debe moja la mahindi kunauma, hasa mvua inapokosa. Lakini debe hununuliwa tena sokoni, mtoto hanunuliwi.