Saa Kongwe za Uswisi Katika Minada ya Mtandaoni



Siku moja alifika mezani kwangu mzee mmoja mstaafu, akafungua leso, akatoa saa ya mkono. Alikuwa ameinunua katika mnada wa mtandaoni kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Muuzaji aliinadi kuwa ni saa ya Uswisi ya mwaka 1955, "asilia, haijaguswa". Mzee aliniomba nifunge mapazia nijionee akrabu zake zinavyong'aa gizani. Ziling'aa kweli, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza.

Katika miaka ile, watengenezaji wa Uswisi walipaka akrabu na nambari rangi iliyochanganywa na radiamu. Radiamu yenyewe haimaliziki upesi: baada ya miaka 1,600 nusu yake ingali ipo. Kinachochoka ni ule unga uliomo katika rangi, unaopigwa na mionzi ukatoa nuru. Baada ya miongo michache nuru hiyo hufifia kabisa. Basi saa ya 1955 ambayo leo humulikwa kwa tochi kisha ikang'aa muda mrefu imepakwa rangi upya, au imebadilishwa akrabu. Katika miaka ya 1960 tritiamu ilishika nafasi ya radiamu, na chini ya uso wa saa, penye nambari sita, neno "Swiss" likawekewa herufi T kila upande. Uso wenye T hizo si wa 1955, hata muuzaji aape. Nami niwaonye: saa yenye radiamu msiifungue wala kuikwangua nyumbani, kwani vumbi lake likivutwa pamoja na pumzi lina madhara.

Mtauliza, rangi kidogo tu ina uzito gani? Ina uzito mkubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya thamani ya saa kongwe imo usoni mwake. Mwezi Oktoba 2017, mjini New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani. Naam, jina la mwenyewe lilichangia. Lakini hata Daytona ambazo hazikuvaliwa na mtu mashuhuri, zikiwa na uso wa namna ile, huuzwa kwa bei kubwa mno kuliko wenzake wenye uso wa kawaida. Ndiyo maana nyuso hupakwa upya, na hughushiwa. Mwombeni muuzaji picha ya karibu, iliyopigwa mchana, isiyo na mmeto wa kioo. Tazameni maandishi: je, unene wa herufi ni mmoja? Vistari vya dakika vinalingana na alama za saa? Neno "Swiss" limekatwa, au halipo? Uso unaong'aa kama wa jana ndani ya mwili uliochakaa ni jambo la kuulizia.

Kisha ombeni picha ya mtambo, kifuniko cha nyuma kikiwa wazi. Omega Speedmaster, kwa mfano, ilitoka mwaka 1957 ikiwa na mtambo nambari 321. Mtambo nambari 861 ulianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Anayewauzia Speedmaster ya 1960 yenye mtambo 861 anawauzia mwili wa saa moja na moyo wa nyingine. Akisema hana fundi wa kuifungua, msiweke dau. Huyo anauza mbuzi kwenye gunia. Na neno "inatembea" lisiwatulize. Saa inaweza kutembea huku ikipoteza nusu saa kwa siku, na gharama ya fundi itakuwa yenu.

Kuhusu mnada wenyewe, andikeni kikomo chenu kwenye karatasi kabla haujaanza, mkiwa mmekwisha kuhesabu ada ya mnada, usafirishaji na ushuru wa forodha. Dakika za mwisho huwapandisha watu wazima kichaa, na pengine anayeshindana nanyi ni rafiki wa muuzaji. Lipeni ndani ya mfumo wa mnada tu, na hifadhini nakala ya tangazo lote pamoja na picha zake siku ileile.

Mzee wangu hakuhifadhi. Muuzaji alimshawishi alipe nje ya mnada kwa kumpunguzia bei kidogo, na tulipolitafuta tangazo lilikuwa limeondolewa. Tulimwandikia muuzaji barua mbili, hakujibu. Fundi aliifungua saa akakuta mtambo ni wa Uswisi kweli, ila umechanganywa vipuri vya saa mbili tofauti. Mzee aliifunga tena ndani ya leso, akauliza kama anaweza angalau kuivaa. Nikamwambia aivae.