Ripoti ya utendaji: tuitumie kuona hatari mapema



Kila mwisho wa mwezi sisi sote tunaofanya kazi ya amani tunaandika ripoti. Mara nyingi tunamwandikia mfadhili, kisha nakala inalala kabatini. Leo tunaomba tuiangalie kwa namna nyingine. Ripoti inaweza kutuonya kabla mradi haujaanguka, na kabla mtu hajaumia.

Tuchukue mfano. Mradi wa mazungumzo huko Masisi umepanga vikao 12 katika vijiji 12, kwa muda wa miezi 6. Kila kikao ni dola 500, jumla dola 6,000. Baada ya miezi 3 zimetumika dola 3,000, sawa na mpango. Anayetazama feza peke yake atasema mambo yanaenda vizuri. Lakini vikao vilivyofanyika ni 4, wala si 6. Kila kimoja kimekula dola 750. Tukiendelea hivyo, feza zitaisha kwenye kikao cha 8, na vijiji 4 vitabaki vikingoja. Mahali penye majeraha ya vita, ahadi isiyotimizwa huonekana kuwa upendeleo: "Walienda kwa wale, sisi wametuacha."

Hesabu inaonyesha kwamba kuna shida, lakini haisemi sababu. Ni juu yetu kuuliza. Je, mvua imeharibu barabara? Bariere zimeongezeka? Kama wamama walikuwa 15 katika kikao cha kwanza na sasa ni 4, wanaogopa njia gani? Na pikipiki tulizokodi ni za vijana wa upande gani? Mary B. Anderson alionyesha katika kitabu chake Do No Harm cha mwaka 1999 kwamba msaada wenyewe unaweza kuongeza mgawanyiko.

Kwa hiyo kila hatari iandikwe katika jedwali ikiwa na mambo manne:

1. Alama ya kuitambua.
2. Kiwango cha kutufanya tuchukue hatua.
3. Hatua yenyewe.
4. Mtu mmoja mwenye jukumu.

Kwa mfano: vikao 2 vikiahirishwa mfululizo, msimamizi wa eneo awaone wazee na viongozi wa vijana kabla ya juma kuisha. Kila mwezi tuweke ripoti na jedwali pamoja mezani.

Mwaka 2025 ulitufundisha. Mwezi wa Januari M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Huko Goma benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mradi unaotegemea benki moja na njia moja una hatari ya kuandikwa tangu siku ya kwanza, pamoja na njia ya pili.

Tuongeze maonyo mawili. Kwanza, ripoti inaweza kuanguka mikononi mwa watu wenye silaha. Tusiandike majina ya waliotupa habari, wala nyumba zao. Pili, tusimgombeze mfanyakazi anayeleta habari mbaya. Akiadhibiwa leo, kesho ataandika kwamba kila kitu ni sawa, nasi tutaijua hatari ikiwa imekwisha kutufikia. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.