Wasichana wa Jirani: Kwa Nini Chuo Kikuu cha Southern California Kianzishe Softboli



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Kwenye kongamano moja la michezo na elimu ya juu nilitoa hoja kwamba University of Southern California (USC), chuo binafsi chenye fedha nyingi kilichopo katikati ya jiji la Los Angeles, kinapaswa kuanzisha timu ya softboli ya wanawake. Mwenzangu mmoja, mchumi wa michezo ninayemheshimu sana, alisimama akanijibu mambo matatu. Kwanza, hesabu ya wanamichezo wanawake chuoni hapo imeshatimia. Pili, kiwanja hakuna. Tatu, kama kuna chuo kinachodaiwa softboli ni Vanderbilt cha Nashville, maana ndicho pekee kisicho na timu miongoni mwa vyuo 16 vya ligi ya SEC. Ukumbi ulimpigia makofi, muda ukaisha. Leo ninao muda.

Asili ya mchezo wenyewe, ndugu wa besiboli, sitakaa nayo: Chicago, mwaka 1887, ndani ya ukumbi, glovu ya ndondi iliyofungwa ikiwa mpira na mpini wa ufagio ukiwa gongo. Mnaijua. Mnajua pia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, ambayo Patsy Mink aliipigania bungeni, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Nianzie mahali mwenzangu aliposimama imara zaidi, yaani kwenye hesabu.

Mwongozo wa serikali wa mwaka 1979 unakipa chuo njia tatu za kuonyesha kwamba kinatenda haki michezoni. Ya kwanza ni uwiano: asilimia ya wanawake kwenye timu ilingane na asilimia yao madarasani. Ya pili ni historia ya kuendelea kupanua nafasi zao. Ya tatu ni kuthibitisha kwamba hamu na uwezo wa wanawake vimekidhiwa kikamilifu. Chuo kikitimiza moja, kimepona. Hapo ndipo mwenzangu alipoegemea: USC wana makasia, lakrosi, polo ya majini, voliboli ya ukumbini na ya ufukweni, kuogelea, riadha na mengine, uwiano upo, kwa hiyo swali limefungwa.

Mimi nasema halijafungwa, na shahidi wangu ni waraka ninaoupenda kuliko vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya jambo hili. Sheria ya mwaka 1994 inavilazimisha vyuo vya mchanganyiko vyenye michezo na vinavyopokea misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi kutoa kila mwaka taarifa ya usawa michezoni. Inatakiwa iwe tayari kufikia tarehe 15 Oktoba, na Wizara ya Elimu ya Marekani inaiweka wazi kwa yeyote. Ni majedwali matupu, hayana hata sentensi moja ya kujisifu. Utakuta idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa jinsia, wachezaji wa kila timu, makocha, wastani wa mishahara yao, fedha za kusaka wachezaji, na gharama za siku ya mechi. Wanafunzi wangu huwa wanaguna ninapowapa kazi ya kusoma taarifa za chuo kimoja kwa miaka kumi mfululizo. Wakifika mwaka wa nne wa majedwali, kuguna kunakoma, kwa sababu wanaanza kuona namna namba zinavyofundishwa kutembea.

Tazameni mstari wa riadha. Msichana mmoja anayekimbia mbio za nyika, mbio za ndani na mbio za uwanjani anahesabiwa mara tatu, kwa kuwa hizo ni timu tatu. Kuna mstari mwingine unaohesabu vichwa bila kurudia, na tofauti ya mistari hiyo miwili inasema mengi kuliko hotuba za wakuu wa michezo. Tazameni mpira wa kikapu wa wanawake. Wavulana wanaofanya nao mazoezi ili kuwapa upinzani wanaandikwa kwenye taarifa hiyo kama washiriki wa timu ya wanawake. Ndivyo maelekezo yenyewe yanavyotaka. Kisha tazameni makasia. Hapo utakuta orodha ndefu kuliko ya timu nyingine yoyote ya wanawake, na wengi ndani yake hawakuwahi kushika kasia kabla ya kufika chuoni. Gazeti la New York Times liliyaanika mambo haya mwaka 2011. Makasia ni mchezo mzuri na mgumu, siubezi. Ila chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani, ambayo kwa miaka mingi iliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili, kinatafuta vichwa vya kusawazisha mizani, na mashua ya watu wanane inajaza jedwali haraka.

Kwa hiyo ninaposikia hesabu imetimia, nauliza imetimia kwa akina nani. Njia ya tatu ya mwongozo ule ina maswali yake: je, kuna hamu ambayo haijakidhiwa? Je, uwezo wa kuendesha timu upo? Je, katika eneo ambalo chuo hushindana kawaida, wapinzani wapo? Mwaka 2005 wizara iliruhusu vyuo vipime hamu hiyo kwa dodoso la barua pepe, na msichana asiyejibu angeweza kuhesabiwa kuwa hana hamu. Mwaka 2010 utaratibu huo ulifutwa, na maelekezo mapya yakakumbusha kwamba inapaswa kutazamwa pia michezo inayochezwa katika shule za sekondari na ligi za mitaani za maeneo ambako chuo huchota wanafunzi. Shule na mitaa! Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande chenye akili zaidi katika maandiko yote ya Title IX, na ndicho kinachosomwa kidogo zaidi.

Kisomeni mkiwa Los Angeles. Chuo cha UCLA, kilicho jiji hilohilo, kilitwaa ubingwa wa kwanza wa softboli wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1982, na sasa kina mataji 12, mengi kuliko chuo chochote. Lisa Fernandez, mwenye medali za dhahabu za Olimpiki za 1996, 2000 na 2004, ni mzaliwa wa Long Beach. Jennie Finch alikulia La Mirada, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Los Angeles, akaenda kuutafuta ubingwa Arizona na kuupata mwaka 2001. Wapinzani je? USC waliingia ligi ya Big Ten mwaka 2024. Ligi hiyo ina vyuo 18, na hadi msimu wa 2025 vyuo 17 vilikuwa na softboli. Vimo Minnesota na Wisconsin, ambako Februari kiwanja hulala chini ya theluji na timu hulazimika kusafiri hadi majimbo ya joto ili msimu uanze. Michigan, wanaoishi baridi hiyohiyo, walichukua ubingwa mwaka 2005. Wale wa theluji wanacheza, na wa jua wanatuambia hesabu imetimia.

Kuhusu kiwanja nitasema machache. Katika softboli ya vyuo, kutoka kituo hadi kituo ni futi 60, wakati besiboli ni futi 90. Uzio wa nyuma uko kama futi 200, na ule wa besiboli unakaribia mara mbili yake. Eneo linalohitajika halifiki nusu. Na USC hiyohiyo, yenye mataji 12 ya besiboli ambayo hakuna chuo kingine kimeyafikia, iliamua kuubomoa uwanja wake wa besiboli kupisha jengo la futiboli, ikaipeleka timu kucheza Irvine kwa muda, ikajenga uwanja mwingine. Chuo kinachoweza kuhamisha uwanja mzima hakina shida ya ardhi. Isitoshe, ndani ya chuo hakuna ziwa, na timu ya makasia ipo.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Nilikulia Tanga, nikicheza rede jioni hadi tuitwe ndani, na tangu hapo siwezi kumpita msichana anayerusha mpira bila kumtazama mkono. Nilipokuwa mwanafunzi Los Angeles nilipanga chumba kusini mwa chuo, na Jumamosi asubuhi nilizoea kukatiza bustani moja ya jiji. Palikuwa na baba aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, glovu mkononi, akimdakia binti yake wa miaka kama kumi na miwili. Softboli ya ushindani hurushwa kutoka chini: mkono unazunguka duara zima kama pangaboi na mpira unaachiwa karibu na nyonga. Mguu wa nyuma wa yule binti ulikuwa ukiburuzwa kila anaporusha, na mahali alipozoea kusimama ulikuwa umechimba mfereji unaotosha kulaza gongo. Baba hakusema neno. Alikuwa akidaka, anarudisha mpira, anaukunja na kuukunjua mkono uliouma. Siku moja niliwasalimu, tukaongea. Alikuwa anajua vyuo vyote vyenye timu, hadi majina ya makocha. Nikamuuliza kuhusu hiki kilichopo hapo jirani, ambacho mnara wake tulikuwa tunauona. Akasema hapo hawachezi. Mtoto akiwa hodari ataenda Arizona au Oklahoma, asipokuwa hodari vya kutosha kusafiri ataacha akimaliza sekondari.

Mwenzangu atasema kuna UCLA, Loyola Marymount, Northridge, Long Beach na Fullerton, na zote zina timu. Ni kweli, na ni hoja ya haki. Lakini timu moja haizidi wasichana ishirini na kitu, na eneo hilo huzalisha wachezaji wanaojaza timu za nchi nzima. Wala sidai kwamba USC haijaongeza michezo. Iliongeza voliboli ya ufukweni, ikatwaa mataji sita ya NCAA kati ya 2016 na 2024. Iliongeza pia lakrosi, iliyoanza mechi zake mwaka 2013. Hapo kwenye lakrosi ndipo ninapoumia. Mizizi ya lakrosi ya wanawake iko pwani ya mashariki, katika shule za binafsi zenye ada kubwa. Softboli inachezwa na mabinti wa Kilatino kwenye shule za umma zilizo mwendo wa miguu kutoka chuoni. Chuo kilipopata nafasi ya kufungua mlango mpya, kilifungua ule wa mbali.

Hoja ya Vanderbilt sasa. Sina ugomvi na Nashville, na chuo kilichorudisha voliboli mwaka 2025 baada ya zaidi ya miaka arobaini kinaonyesha kina nia. Ila kusema chuo kianzishe mchezo kwa sababu ratiba ya ligi ina pengo ni kuwatazama wasichana kupitia dirisha la televisheni. Ligi huvunjika, hiyo Big Ten ya USC ilikuwa haivuki Nebraska miaka michache tu iliyopita. Mitaa inayozunguka chuo haihami. Ndiyo maana katika orodha yangu ya vyuo vinavyodaiwa softboli cha pili ni Chuo Kikuu cha Miami, kilicho katika jimbo la Florida, ambako Chuo Kikuu cha Florida kilitwaa ubingwa mwaka 2014 na 2015 na Florida State mwaka 2018. Vanderbilt naiweka ya tatu.

Ipo hoja moja ambayo mwenzangu hakuitaja na ambayo ni nzito kuliko zote alizotaja: fedha. Tangu Julai 2025, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume, na vyuo kadhaa vimefuta tenisi au kuogelea. Mkuu wa michezo anayeniambia huu si mwaka wa kuongeza timu anasema jambo la kweli. Namjibu kwamba soko nalo limesogea. Fainali za softboli ya vyuo za 2025, ambazo Texas waliwashinda Texas Tech, zilitazamwa kwa wastani wa zaidi ya watu milioni mbili, na mrushaji wa Texas Tech, NiJaree Canady, alikuwa amehamia huko kutoka Stanford kwa mkataba uliozidi dola milioni moja. Mwaka huohuo ligi mpya ya kulipwa ilianza, ikiungwa mkono na ligi kuu ya besiboli. Hata hivyo, hata kama fedha hizo zote zisingekuwepo, bado ningesimama hapa na kudai kiwanja kile.

Kujua kwa nini, angalieni Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Besiboli itachezwa Dodger Stadium, ndani ya jiji. Softboli imepelekwa Oklahoma City, takribani kilomita 1,900 kutoka kwa wenyeji, kwa sababu uwanja unaofaa wenye viti vya kutosha uko kule. Sisemi kiwanja cha chuo kingeweza kubeba Olimpiki. Nasema kaunti iliyomzaa Fernandez haina pa kumwekea mchezo wake, na chuo kikubwa kilicho ubavuni mwa Coliseum, uwanja wa Olimpiki za 1932 na 1984, hakijawahi kuona kwamba hilo linakihusu.

Njia ya kuanza inajulikana. Duke, chuo binafsi chenye ada kubwa na masharti magumu ya kujiunga, kilimwajiri Marissa Young mwaka 2015, kikacheza mechi ya kwanza 2018, kikachukua taji la ligi ya ACC 2021 na kufika fainali za NCAA za Oklahoma City mwaka 2024. Clemson walimwajiri John Rittman 2017 na wakaanza kucheza 2020. Kocha kwanza, uwanja ukijengwa huku wachezaji wakisakwa, na msimu wa kwanza ndani ya miaka mitatu. USC wana faida ambayo Duke na Clemson hawakuwa nayo: kocha wao ataweza kuwatazama nusu ya wachezaji anaowahitaji bila kupanda ndege. Ninachoiomba bodi ya chuo hicho ni kumwajiri kocha huyo, na kumwandikia kwenye mkataba idadi ya chini ya nafasi zitakazotengewa wasichana wa shule za umma za Los Angeles.